Digrii Niliyoikataa

Shule yangu ya sekondari ilikuwa ya kutwa, upande wa chini wa Siakago, kule kwenye joto na vumbi. Chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni kilikuwa ghala la mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana. Kemia tulijifunza kwa kuchora. Mwalimu alichora bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia, ubaoni, nasi tukaichora kwenye madaftari. Mtihani wa vitendo ulipofika, ndiyo kwanza nilikuwa nashika bureti yenyewe, nikiikumbatia kwa mikono miwili nisije nikaivunja.

Nilipata C plasi. Kwa shule yetu hiyo ilikuwa habari kubwa. Baba, mkulima wa ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna, asiye na maneno mengi, alisimama kanisani Jumapili iliyofuata akasema binti yake anaenda chuo kikuu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na mama, na tayari nilijihisi nimechoka, kwa sababu nilikuwa nimeiona alama yangu ya Kemia.

Mwalimu aliyetusaidia kuchagua vyuo ndiye aliyetufundisha Biolojia na Kilimo, na michezo pia ilikuwa juu yake. Kompyuta haikuwepo. Tulikusanyika kwenye varanda ya ofisi, mahali pekee penye mtandao wa maana, tukapokezana simu yake. Ukurasa ulizunguka, ukakwama, ukaanza upya. Mwalimu alikuwa mtu mwema, ila naye alikuwa amechoka, na ilionekana machoni.

"Wewe unapenda nini?" aliniuliza zamu yangu ilipofika.

"Vitu vya maabara, mwalimu. Ama mambo ya vyakula. Huku kwetu maembe yanaoza kila msimu na hakuna mtu anayejua kuyahifadhi."

"Digrii za hivyo zinataka Kemia." Akapangusa kioo cha simu kwa shati lake. "Lakini kuna diploma, chuo cha ufundi pale Meru. Hiyo unaingia bila shida, na si ghali."

"Baba ameshatangaza chuo kikuu."

Aliitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu. "Basi tujaze zile zinazokubali alama zako."

Tukazijaza. Nikapewa nafasi ya digrii ya sanaa katika chuo kikuu kilichoko mbali, upande wa magharibi, ambako hatuna ndugu wala rafiki. Mama alitaka nimweleze ni kozi ya nini. Nilijaribu kwa lugha yetu ya Kimbeere nikashindwa, nikajaribu kwa Kiswahili, nikashindwa pia. Nilikuwa nimeichagua kwa sababu ilinikubali, basi.

Hata mkopo wa serikali ukihesabiwa, bado karo ilibaki, na chumba, na chakula. Baba alisema atauza ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa anatulisha. Nyumbani hatukugombana. Kila mtu alimaliza sahani yake akainuka.

Asubuhi moja mama akaniambia, "Vaa viatu. Twende kwa shangazi yako kule Kaaga, tukakione kwa macho hicho chuo cha ufundi ulichoniambia."

Shangazi ni dada ya baba. Aliolewa Meru, na hupika katika jiko la shule moja hapo Kaaga. Alitupeleka chuoni bado akiwa na kitambaa chake cha kazi kichwani. Tulikuta wanafunzi waliovaa makoti meupe na gamubuti wakichemsha jamu ya mapera. Mwalimu wao, mama mmoja mwenye sauti ya chini, hakutuuliza tumetumwa na nani. Alinipa kifaa kidogo cha kupimia sukari, akakidondoshea tone la jamu, akasema niangalie ndani. Niliona mstari wa buluu ukikata kwenye namba. Sikutaka kukirudisha.

Mama akamuuliza, "Akimaliza hapa, anaweza kuendelea mbele?"

"Anaweza. Itachukua muda mrefu kuliko wengine, lakini wapo waliofika hadi digrii."

Tuliporudi nilimkuta baba shambani, anachuma muguka. Nikasimama mbele yake.

"Baba, ile digrii siitaki. Nataka diploma ya Meru."

Aliendelea kuchuma. "Nilishawaambia watu."

"Najua, baba."

"Sasa nitawaambia nini?"

Mama ndiye aliyejibu, akichuma mstari wa pili: "Utawaambia mtoto anasoma."

Baba hakukubali siku hiyo, wala kesho yake. Ila jioni moja, akiwa anavua viatu mlangoni, aliuliza bila kunitazama, "Huyo shangazi yako ana nafasi ya mtu kulala?" Nikajua yamekwisha.

Ile nafasi ya digrii niliikataa mwenyewe, kwenye kompyuta ya kulipia ya saiba pale Siakago. Nilibonyeza mara moja, na ukurasa ukaniuliza kama nina hakika. Sikulia wala sikufurahi. Nilitamani tu kulala.

Sasa niko mwaka wa pili. Baridi ya Kaaga bado sijaizoea, na nyumba ya shangazi ina chumba kimoja tu cha kulala, kwa hiyo godoro langu la sebuleni hukunjwa kila asubuhi kabla watu hawajaamka vizuri. Wenzangu waliotoka shule kubwa walinitangulia katika kila kitu cha maabara. Mimi hubaki nyuma baada ya vipindi nikirudia vipimo, na nikitoka hapo miguu huwa mizito.

Mama aliniambia kwamba watu wa kanisani bado humuuliza baba niko chuo kikuu gani. Yeye hujibu, "Yuko Meru," kisha huanza kuuliza habari za mvua. Sijamwambia baba kwamba najua.