Siku Nilipopeleka Mtungi wa Madume Kliniki ya Uzazi

Shida zangu zilianza mwaka wa 1971 nikiwa na miaka tisa, baba alipofariki nikaacha shule darasa la tatu nikaenda kuchuma chai ya watu, lakini aibu yenyewe sikuijua mpaka juzi, mzee mzima mwenye suti, na hiyo aibu niliibeba kwa mikono yangu nikaipeleka Kericho mjini.

Kazi yangu hapa Litein ni kupandisha ng'ombe kwa mrija. (Kitabu sijui, lakini hakuna mwenye digrii aliyenishinda kushikisha ng'ombe mimba.) Mbegu za madume naziweka ndani ya mtungi wa nitrojeni, ile baridi ya maji maji inayotoa moshi mweupe ukifungua kifuniko. Kwa hivyo binti yangu Chebet alipopatikana na saratani, akaambiwa dawa zinaweza kumaliza mayai yake ya uzazi, heri yatolewe yagandishwe kabla hajaanza, mimi nikajiona mtaalamu.

Daktari wa kliniki ya uzazi huko Kericho, mama mpole wa upande wa ziwa, alitueleza kuna njia mbili. Ya zamani, mashine inashusha baridi polepole. Ya sasa, yai linatiwa kwenye dawa, halafu linachovywa kwa nitrojeni mara moja, linakuwa kama kioo. Wao wanatumia hiyo ya haraka.

"Hapana," nikasema. "Polepole! Mimi niko na chai, daktari. Baridi ikishuka ghafla, asubuhi shamba lote limeungua. Na hata mbegu za dume hupoa kwanza juu kwa moshi ndio zizamishwe."

"Baba," Chebet akasema, "mimi si shamba."

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu wa heshima hadi leo. Lakini siku ya kutoa mayai nikapakia mtungi kwa pikapu, nikachuma na machipukizi ya chai nikatia mfukoni, nimwonyeshe daktari kwa macho: mengine nichovye ghafla, mengine nishushe polepole, tuone yapi yatapona.

Chebet alishaingia ndani kubadilisha nguo. Pale pa kungojea waliketi watu kama kumi, kila mmoja akiangalia viatu vyake (kliniki kama ile hakuna anayetaka kuonekana). Nikaona karai pembeni, nikafungua mtungi nikamimina. Sikuona kwamba karai lilikuwa na maji ya kupigia deki. Woi! Moshi uliruka mpaka dari, ukashuka ukafunika viti, machipukizi yote yakaniponyoka yakaanguka humo ndani, mimi mwenyewe nikawa sioni mkono wangu.

"Moto! Moto!" Askari wa mlangoni akatufukuza wote nje, akafunga mlango, akaniuliza nimeona nini kwa sababu nilitoka wa mwisho. Nikamwambia ni nyaya za stima. (Ndiyo, nilidanganya.) Akasema basi hakuna kurudi mpaka watu wa stima waje.

Shida ni kwamba nilitoka nimekumbatia mtungi. Mwanaume mmoja wa Sosiot akanikazia macho. "Huyu si daktari wa ng'ombe? Si ndiye alipandisha ng'ombe yangu, ile Freshiani!"

Mama mmoja akashika tumbo. "Kumbe mbegu za ng'ombe ndizo wanatuwekea?"

"Hapana, mama," nikamtuliza, "hizi ni za dume wa daraja la juu sana."

Bwana yake akamvuta kuelekea geti.

Hapo ndipo nesi akatoka na Chebet kwa mlango wa nyuma, yuko na gauni la kijani, miguu mitupu kwa nyasi, sindano ya dripu bado imebandikwa mkononi mwake. "Mzee," nesi akaniambia, "huyu alidungwa sindano ya mwisho ya kukomaza mayai juzi usiku. Tusipomrudisha ndani saa hii, mayai yatatoka yenyewe na hatutayapata. Na Jumatatu anaanza dawa za saratani."

Hakuna mwezi mwingine. Chebet aliangalia mtungi, akaniangalia mimi.

"Baba, ni wewe?"

Nikapanda juu ya mawe yaliyozunguka maua, na suti yangu, nikapaaza sauti: "Hakuna moto! Ni mimi! Hizi ni mbegu za ng'ombe, za kwangu, hakuna mtu amewekewa! Nilikuja kumfundisha daktari kazi yake!"

Yule wa Sosiot akacheka mpaka akakaa chini. Askari akafungua mlango, akafungua na madirisha, na Chebet akarudi ndani karibu akikimbia.

Mayai tisa. Yaligandishwa kwa njia ya haraka. Daktari alipomaliza akaniletea machipukizi yangu kwa karatasi, yamekuwa meusi kama yaliyochemshwa. "Mzee, jani lako limejaa maji, na maji yakiwa barafu yanalipasua. Sisi tunatoa maji kwanza kwa dawa, na haraka inazuia barafu kupata nafasi."

Sikubishana. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na nimeapa kuwa kliniki ya watu nitaingia mikono mitupu na mdomo umefungwa.

Leo niko na ekari mbili za chai, ng'ombe saba wa maziwa, pikapu moja, nyumba ya mawe ya vyumba vinne, na posho mill ya kusagia watu mahindi pale sokoni. Yale mayai tisa siyahesabu hapa. Ni ya Chebet.