Mbao Zisizokuwepo

Kuna watu wakiingia kwenye mchezo wanataka upanga. Mimi nilitaka depo.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kompyuta, wa mtandaoni. Watu wa nchi nyingi, wengi wao wakiandikiana kwa Kifaransa, walikata miti, wakachimba chuma, wakashona viatu na kuunda meli, kila mmoja na ufundi wake. Sikujifunza ufundi hata mmoja. Nilinunua mbao kwa wakata miti wa milimani, waliokuwa wavivu wa safari, nikazirundika kwenye depo yangu, yaani ghala, na depo ikijaa nikazipakia kwenye mikokoteni ya punda kuzipeleka bandarini kwa waunda meli, ambao hawakuwa na mti hata wa kuchokolea meno. Katikati ya njia mlima ulikuwa umepasuka, na barabara ikapita humo. Humo ndani walikaa wachezaji ambao ufundi wao ulikuwa kunyang'anya.

Mtu wa Bunia hahitaji kufundishwa mchezo kama huo.

Wakati ule nilikuwa karani katika shule moja, na nilikaa Rwambuzi, mtaa wa Bunia, pamoja na dada mkubwa wa mama yangu, yaani mama mukubwa wangu. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa kweli. Miaka yote alileta makayabo, samaki wa chumvi, kutoka Mahagi-Port ziwani, lori kwa lori. Kisha siku moja, wakati wa vita, lori alilopanda na wenzake lilisimamishwa njiani na watu wenye silaha. Mzigo ukachomwa, dereva akauawa, na yeye akatembea porini mpaka akafika kwangu bila viatu. Tangu hapo hakupanda lori tena. Amani ilipokuja, ile amani yetu ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini wasije wakaiamsha, wenzake walirudi barabarani. Kila wiki kiongozi wao alipita kumuuliza kama atakwenda. Kila wiki alijibu, "Wiki inakuya."

Nilitaka aende. Nitasema ukweli: kwanza nilitaka aende kwa sababu mfanyabiashara wa jumla asiye na mzigo ni mateso ndani ya nyumba. Alihamisha sufuria zangu kila Jumamosi. Sokoni alikuwa anagombana na wauza maharage kwa niaba ya watu asiowajua. Lakini pia nilikuwa naona anakwisha. Alikuwa mwanamke wa kuitwa kutoka ng'ambo ya soko, na sasa alikaa barazani akihesabu kuku wa jirani. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Neno "depo" ndilo lililomtoa barazani. Alinisikia nikilitamka, akaja kusimama nyuma yangu.

"Depo iko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye kioo.

"Na mbao inaoza?"

"Haiozi, Mama mukubwa."

"Panya?"

"Hakuna panya."

"Depo bila panya," akasema, "ile ni bongo, ni uongo mutupu." Lakini alivuta kiti.

Msafara wangu mkubwa wa kwanza niliupanga alasiri moja baada ya kazi. Nilikuwa na washirika wawili, mmoja wa Butembo na mwingine wa Kisangani, waliokuwa wakiendesha mikokoteni ya nyuma, na tuliongea kwa spika za masikioni. Mama mukubwa alikuwa ametoka uani kuanika nguo. Tulipofika katikati ya ule mlima, mawe yakaanguka mbele yetu, na watu wenye mienge wakatokea pande zote. Depo nzima ilikuwa juu ya mikokoteni ile. Niliruka kwenye kiti na kupiga kelele kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu.

"Bamekata barabara! Banachoma! Rudini nyuma, banakuya! Banakuya!"

Dirisha lilikuwa wazi.

Mtaa wetu haukuuliza swali. Nilipotoa zile spika masikioni na kuchungulia nje, barabara ilikuwa imejaa magodoro. Mama jirani alikuwa amebeba sufuria ya maharage ambayo bado yalikuwa yanachemka. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa ameng'oa mlango wake na kuuweka kichwani, maana mara ya mwisho walipokimbia, waliporudi walikuta kila kitu isipokuwa mlango, na aliapa kwamba hataibiwa mlango mara mbili. Watu walikuwa wanakwenda upande wa mjini bila kelele, kama watu wanaokwenda kazini.

Mama mukubwa alikuwa amesimama uani, mikono mitupu, ananinyooshea mkono ili tukimbie. Ilinibidi niushike na kumwambia mara kadhaa kwamba ni mbao tu, ni mbao za mle ndani, kabla hajanielewa. Kisha akanizaba kofi.

Jioni hiyohiyo nyumbakumi wetu aliita watu wote uwanjani kwake. Alikuwa mtu wa taratibu, na alitaka jambo lianzie mwanzo.

"Nani alisema banakuya?"

Vidole vyote vikanielekea.

"Banakuya kutoka wapi?"

"Kutoka mulimani, shefu. Mu ordinateri, mu kompyuta."

"Balikwiba nini?"

"Mbao."

"Mbao ya nani?"

"Ya mimi."

"Sasa iko wapi, ile mbao?"

"Haiko, shefu. Ata zamani haikukuwa."

Nyumbakumi akavua miwani. "Haikukuwa, na bameiiba."

"Mi nimetoa mulango yangu," akasema yule mzee, "sababu ya mbao yenye haiko?"

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Hapo ndipo mama mukubwa aliposimama. Nilidhani anakuja kumalizia lile kofi.

"Shefu, mbao iko," akasema. "Mi mwenyewe niliiona, ilijaa depo. Kosa ya huyu mutoto ni moja. Alituma yote mara moja, na hakuuliza barabara." Akanigeukia mbele ya watu wote. "Ulimuuliza nani mwenye alitoka kule?"

"Hakuna mutu, Mama mukubwa."

"Munasikia?"

Walisikia. Na kesi ikageuka palepale, kwa sababu hakuna mtu Bunia asiye na maoni juu ya barabara. Mmoja akasema ningegawa mzigo mara tatu. Mwingine akasema ningepita asubuhi, siku ya soko, katikati ya watu wengi. Mzee wa mlango akataka kujua punda walikuwa wa namna gani, akasema kwa punda wale hata yeye angeniibia. Kujadili mzigo usiokuwepo kulichukua muda mrefu kuliko kukimbia kwenyewe. Mwishoni nyumbakumi akakata shauri: nimsaidie mzee kurudisha mlango wake, na nisipige tena kelele kwa Kiswahili wala kwa lugha yoyote ya kwetu. Nikilazimika kulia, nilie kwa Kifaransa, kwa sababu Kifaransa bado hakijamkimbiza mtu pale mtaani.

Nikanunua mbao nyingine, na msafara wa pili mama mukubwa aliuchukua mwenyewe. Mimi nilibaki vidole tu vya kubonyeza. Aliamuru tusimame kwenye kituo cha mwisho kabla ya mlima mpaka atokee mtu anayetoka upande wa pili. Akitokea, hatukuruhusiwa kumuuliza habari ya majambazi, kwa sababu huenda ni yeye. Ilibidi tumsalimie kwanza, tuulize hali ya nyumbani, kisha tuulize kama soko la bandarini limejaa. Soko likijaa, barabara ni nzima.

Nikaandika yote hayo kwa Kifaransa, huku nikiona haya. Wa kwanza alituuliza kama tumelewa. Wa pili akacheza ngoma akaondoka. Wa tatu, mwenye upanga mrefu kuliko yeye, tulipomuuliza hali ya mama yake aliandika kwamba mama yake yuko hospitali.

"Muulize anaumwa nini," akasema mama mukubwa.

"Mama mukubwa, mikokoteni imesimama."

"Ikae. Muulize."

Huyo mama alikuwa na ugonjwa wa nyonga. Mama mukubwa akashauri asinyanyue vitu vizito, mimi nikatafsiri, washirika wangu wa Butembo na Kisangani wakinitukana masikioni. Tulipomaliza, yule mtu akaandika: "Msiingie sasa. Wenzangu wamo mle ndani. Ngojeni wakale."

Tukangoja. Wakaenda kula. Tukapita.

Bandarini mbao zikagombaniwa. Mama mukubwa alilazimisha kila mnunuzi apewe matabisi, yaani nyongeza ya bure juu ya alichonunua, kama anavyopewa kila mteja anayeheshimiwa. Mwunda meli mmoja akarudisha mbao zake za nyongeza, akidhani tumekosea hesabu.

"Anakataa matabisi?" Mama mukubwa aliona haya kwa niaba yake. "Ule mutu hakulelewa."

Alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje kwangu. Kisha akasema turudi na mikokoteni mitupu, anataka kuuona ule mlima tena. Tulipokuwa katikati yake akaniuliza, "Hapa dereva akiuawa, inakuwa namna gani?"

"Anafufuka mjini, na punda wake."

Aliangalia kioo. "Ya kwetu hakufufuka," akasema. "Alikuwa anaimba mubaya, ile mutu. Toka Bunia mpaka ziwani. Tulikuwa tunamuomba anyamaze."

Nikaendesha polepole mpaka tukatoka upande wa pili.

Wiki iliyofuata kiongozi wa wenzake alipopita, mama mukubwa alimuuliza habari ya lori, "Kamio inatoka saa ngapi?" Akaingia ndani kufunga vitu vyake. Na mimi, niliyemsukuma mwaka mzima, nilimfuata chumbani nikashika mfuko wake.

"Ngoja wiki inakuya, Mama mukubwa."

"Mbao yako balikwiba," akasema, "na ukarudi tena mu barabara. Mi nilikukamata mukono?"

"Ile ilikuwa muchezo."

"Weye ulikuwa nacheza. Mi sikukuwa nacheza."

Nikauachia mfuko. Akaondoka na viatu vyake vizuri.

Siku zilizofuata sikufungua mchezo. Kichwani mwangu kulikuwa na mlima mmoja tu, nao haukuwa kwenye kompyuta. Nilikuwa na hofu, hofu ya kukosa hamu hata ya kugombana, na ofisini walidhani nina malaria. Simu ilipolia mezani kwangu, nilishindwa kuipokea mpaka mkurugenzi wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaniambia niipokee au niizime.

Yule mama aliyenifundisha kusalimia majambazi hakunisalimia.

"Toa kitanda yako," akasema.

"Kitanda yangu?"

"Makayabo iko mingi. Depo yangu ya zamani balisha kupatia mutu ingine, tutaweka mu chumba yako. Tuko juu ya kamio, tumekwisha kupita Djugu, barabara mubaya iko nyuma. Toa kitanda, na ufungue dirisha." Akakata.

Niliweka simu chini nikalia, kwa sauti, mbele ya mafaili na wazazi waliokuja kuulizia watoto wao. Mkurugenzi alifunga mlango taratibu, akavua kofia, akaniuliza nani amekufa.

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Papa, hakuna mtu amekufa."

Na nikalia zaidi kwa sababu hiyo. Baadaye niliomba ruhusa, nikaenda kutoa kitanda.