Diwani Nitalifuatilia

Kabla hajawa mheshimiwa alikuwa mshereheshaji. Alikodisha maturubai, viti vya plastiki na spika mbili kubwa, na yeye mwenyewe alikuja na vifaa hivyo kama nyongeza ambayo hakuna aliyeiomba. Harusini alimsifia bibi harusi ambaye hakuwahi kumtia machoni. Msibani alimlilia marehemu ambaye jina lake alikuwa ameliandika kiganjani. Dada yake, msusi mwenye saluni mkabala na soko, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ndiye aliyeona mapema ugonjwa ulikoanzia. Mdogo wake alikuwa amegundua kwamba aliyeshika kipaza sauti husikilizwa hata kama hana la kusema. Kimya cha watu akakiita heshima.

Mara ya kwanza alipogombea udiwani, wagombea walikuwa watatu naye akashika nafasi ya tatu. Kura zake hazikufikia idadi ya viti alivyokuwa akikodisha. Mama mkwe wake hakuona haya kukiri kwamba alimpigia mwingine. Alisema binti yake mmoja anatosha kuteseka, kata nzima ya nini tena.

Dada mtu alimwonea huruma, na huruma ile ndiyo iliyomponza. Choo cha soko kilikuwa kimefungwa kufuli na diwani wa wakati ule, eti kwa ajili ya ukarabati, na ukarabati wenyewe ukaishia kwenye kufuli. Wanawake wa sokoni wakawa hawana pa kwenda isipokuwa kuvuka barabara, kupita katikati ya saluni, na kutokea uani kwenye choo cha msusi. Choo cha nyumba moja, chenye mlango wa bati, kikawa kinahudumia soko zima. Asubuhi alichota maji, mchana akasugua, jioni akagombana na jirani kuhusu harufu. Kumkatalia mwanamke aliyebanwa hakuweza. Kwa hiyo mdogo wake alipokuja kumuuliza safari hii awaahidi watu nini, alimjibu kwa neno moja: choo.

Basi dada akamfanyia kampeni ambayo spika zake mbili zisingeiweza. Mtu ambaye kichwa chake kimesukwa nusu haendi popote. Kila mteja aliyeketi mbele yake alipewa habari za choo tangu utosini hadi kisogoni, na alipoinuka alikuwa na mistari iliyonyooka na mgombea wake. Ndugu yake alishinda, tena kwa mbali. Siku ya kuapishwa alivaa suti iliyomzidi mabega. Dada yake alipewa kiti nyuma ya nguzo, akamwona upande mmoja tu, na machozi yakamtoka. Alidhani ni ya furaha. Baadaye alisema pengine macho yake yalikuwa na akili kuliko yeye.

Maana haukupita muda mheshimiwa akaanza kutembea polepole, mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Akaacha kusema mimi, akawa anasema diwani wenu. Diwani wenu amechoka. Diwani wenu hajala. Kila aliyempelekea shida, iwe taa ya barabarani au mtaro uliofurika, alipewa jibu moja huku akipigwapigwa begani: nitalifuatilia. Watoto wa mtaani walilidaka neno lile, wakambatiza nalo, na mwisho hata watu wazima wakawa wanaulizana kama Nitalifuatilia amepita.

Asubuhi moja dada alifunga saluni, akaenda mwenyewe kwenye kikao cha baraza, kwenye mabenchi ya wananchi yaliyo roshani ya ukumbi, ili asikie choo cha soko kinavyopiganiwa. Madiwani walikuwa wanajadili rangi ya vibandiko vya magari yao. Wengine walitaka bluu, wengine kijani. Mdogo wake alisinzia kwa heshima zote, shingo imenyooka, hadi jirani yake alipomgusa. Akasimama, akafunga kifungo cha koti na kusema anaunga mkono hoja. Hakusema hoja ipi. Kisha akaketi na kujipangusa jasho kama mtu aliyeteremsha gunia. Choo hakikutajwa. Dada alirudi kazini, akakuta foleni uani.

Uchaguzi uliofuata alipita bila kupingwa, kwa sababu mpinzani wake alienguliwa kwa kosa la kusahau kutia sahihi. Mtu mwingine angefurahi kimyakimya. Yeye alizunguka mitaani juu ya gari la wazi akiwashukuru watu kwa mapenzi yao, watu ambao hawakuwa wameulizwa. Akaweka jiwe la msingi la choo. Jina lake lilichongwa kwa herufi kubwa, na neno choo likabanwa chini kabisa, kama vile lilikuwa linamwaibisha.

Safari iliyofuata alihama chama siku chache kabla ya majina kupitishwa. Alieleza kwamba hakuhama yeye, ni chama kilichomhama. Alishinda tena, kwa kura za kuhesabika, na hapo hofu ikamwingia, akakijenga choo kweli. Kilikuwa kizuri, haikatazwi kusema. Vigae vyeupe, milango ya mbao, sinki zilizopangwa kwa mstari. Siku ya uzinduzi alikata utepe, akanawa mikono mbele ya wapiga picha kwa maji ya chupa aliyomiminiwa na msaidizi wake. Hakuna aliyeuliza kwa nini chupa. Kesho yake waliuliza, kwa sababu bomba halikuwa limeunganishwa. Mabomba ya sinki yalikuwa yamekazwa ukutani vizuri sana, na nyuma ya ukuta hapakuwa na kitu. Wiki haikuisha, kufuli likarudi mlangoni, na wanawake wakavuka barabara.

Alipokuja kwa uchaguzi wa tano, dada yake alikuwa na mteja, muuza vitunguu, kichwa kimefika nusu. Mheshimiwa alisalimia saluni nzima kana kwamba ni mkutano, ingawa walikuwa watano. Alitaka dada apande naye jukwaani, maana wanawake wa soko walikuwa wameanza kumgeuzia migongo, na maneno ya dada wanayaamini. Aliongea sana. Alitaja maendeleo, alitaja damu moja, alimtaja hata mama yao marehemu. Katikati ya maneno akaanza kubadilisha mguu wa kusimamia, mara huu, mara ule. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kama uani hakuna mtu.

Msusi hakuinua macho kwenye kichwa cha mteja. "Choo chako kiko ng'ambo ya barabara," alisema.

"Dada, kimefungwa."

"Nani kakifunga?"

Muuza vitunguu alitazama chini, mabega yakamtikisika. Mheshimiwa alikwenda uani kwa mwendo ambao haukuwa wa kukagua wapangaji. Kulikuwa na foleni ya wanawake watatu, na hakuna aliyempisha. Walimwamkia kwa adabu, wakamuuliza hali ya nyumbani, na wa mbele akaingia na kukaa humo kwa raha zake. Dada alimwona kupitia dirishani: mwanaume mzima mwenye suti, mikono ameikutanisha mbele, akimezea mate mlango wa bati. Alitaka kucheka. Kilichomjia badala yake kilikuwa kama aibu, si yake yeye bali ya nyumba waliyotoka, na akakaza msuko hadi mteja akalalamika.

Mheshimiwa alishindwa na muuza vipuri vya baiskeli, mtu mzito wa kuongea ambaye sera yake kubwa ilikuwa kwamba yeye siye yule. Jioni ya matokeo alikuja kwa dada yake kusema ameibiwa kura.

"Yangu haikuibwa," dada alimwambia. "Nilimpa muuza vipuri kwa mkono wangu mwenyewe."

 Aliondoka, na miezi kadhaa hakukanyaga pale.

Muuza vipuri hakuachwa apumue. Msusi na wenzake walikwenda dukani kwake kabla hajaapishwa, wakaenda tena, na baraza lilipoanza vikao vyake waliketi kwenye mabenchi ya juu wakisukana. Karani aliwaambia hairuhusiwi. Walimwomba awaonyeshe panapokataza kusuka, akatafuta, akaachana nao. Diwani mpya alikuwa kila akiinua kichwa anakutana na vitana. Mvua zilipokwisha mtaro ukachimbwa, bomba likaunganishwa, na maji yakatoka kwenye zile sinki, machafu siku ya kwanza, masafi siku ya pili.

Ndipo mdogo wake akarudi saluni, siku ambayo hapakuwa na wateja. Alikuwa amekonda. Alisema choo kile ni mradi wake, yeye ndiye aliyeuanzisha, na kwa rekodi hiyo atagombea tena. Dada alitaka kumkatalia, akakuta hawezi, kwa kuwa kuta zilikuwa zake kweli, na hilo lilimuudhi kuliko uongo wake wote uliotangulia. Akamwambia akae kwenye kiti, nywele za kisogoni zimemzidi. Akamfunga kitambaa shingoni. Mheshimiwa alipoanza kumweleza wananchi wanavyomlilia, akamwinamisha kichwa kwa kiganja, akawasha mashine, na kumnyoa.