Maji ya Majivu ya Nzigire

Jirani yangu hapa Mururu, Nzigire, mwanamke wa Bukavu aliyeolewa upande huu wa mpaka, Rwanda, alikuwa ndiye mpishi wa maharage ya sherehe. Ukiwa na ubatizo au mahari, unamwita yeye. Alichoma maganda ya ndizi, akachuja majivu kwa kitambaa, na maji yale, yanayoteleza vidoleni kama sabuni, yaliyalainisha maharage magumu kabla ya misa kwisha.

Msaidizi wake, Drocella, akaitamani nafasi ile. Kwenye ubatizo mmoja alikamua ndimu kwa siri katika sufuria ya Nzigire. Uchachu hukaza maharage. Chochea kuni utakavyo, yatabaki changarawe. Wageni waliyatema, wakamcheka. Nzigire aliyaona maganda ya ndimu chini ya kikapu cha Drocella, lakini alikuwa ameshaaibika, na nani angemwamini? Kazi zote zikahamia kwa Drocella. Mimi ningemng'oa nywele siku ileile. Nzigire yeye alikilea kinyongo chake vizuri, akakilisha kila siku.

Drocella alikuwa mvivu. Hakutaka moshi wa kuchoma maganda, basi akathubutu kuja kwa mwanamke aliyemwangusha.

“Maman Nzigire, unipatie ile mayi ya majivu. Kesho niko napikia mahari ya Reine, mutoto wa Maman Joséphine.”

“Beba, Maman. Ni ya nguvu sana,” Nzigire akajibu, akampa chupa.

Ndani ya chupa mlikuwa na maji ya ndimu matupu, yametiwa chai kidogo yafanane rangi na yale ya majivu. Aliniambia mwenyewe, na nilicheka hadi nikashika mbavu.

Siku ya mahari Nzigire alivaa kitenge kipya, akakaa mahali pa kuona jikoni vizuri. Wazee wa upande wa bwana harusi walimaliza maneno yao, wakaanza kutazama sahani. Drocella alichochea, akabonyeza harage kwa kidole, akachochea tena. Jasho lilimtiririka. Nilimwona Nzigire akimtazama bila kupepesa, na furaha yake ilikuwa wazi usoni.

Maman Joséphine akaja mbio. “Batu bana njaa. Maharagi inaiva saa ngapi?”

“Inakataa kuiva, Maman,” Drocella akasema kwa sauti ndogo.

Hapo Nzigire akasimama. Kumwangusha tu hakukumtosha. Alitaka Drocella ajue ni nani aliyemwangusha. Akatoa mkobani chupa ya maji ya majivu ya kweli, akaimimina yote sufuriani.

Povu likapanda hadi ukingoni, likichemka kwa kelele. Majivu na uchachu vikikutana hugombana hivyo, mpaka vyote viwili viishiwe nguvu. Wageni walidhani ni ukali wa dawa ya Nzigire, wakashangilia. Drocella peke yake ndiye aliyeelewa. Povu lile lilimwambia kulikuwa na ndimu ndani, na ndimu haikutoka pengine ila kwenye chupa aliyopewa. Akafungua mdomo.

“Sema, Maman,” Nzigire akamwambia taratibu. “Waambie ndimu inafanya nini kwa maharagi. Waambie wewe ulijuaje.”

Drocella akaufunga mdomo.

Uchachu ulipokwisha, baada ya muda maharage yakalainika. Maman Joséphine akatangaza mbele ya wote kwamba mpishi wake kuanzia leo ni Nzigire, akamwamuru Drocella apakue, na aanze na sahani ya Nzigire. Drocella akaipakua, akaileta kwa mikono miwili, akapiga goti.

“Ongeza mchuzi,” Nzigire akasema.