Jogoo wa Mtani Asiye Wangu

Nilidhani kila mwanamume mwenye barghashia kuanzia Pugu kwenda mbele ni Mzaramo. Ujinga wangu wote ni huo, na jino moja la mbele sinalo kwa sababu yake.

Mie ni mtu wa ndani. Hapa Gongo la Mboto wananicheka kwamba nikifika Ubungo nishahesabiwa nimesafiri. Lakini mtaa ulipanga matembezi ya treni, kwenda Morogoro asubuhi na kurudi jioni, na jirani yangu, mama wa Kizaramo, akaja kunigongea.

"Mnyamwezi, toka! Babu zako walikuja pwani kwa miguu na mizigo begani, wewe kukaa tu kwenye kiti kunakushinda?"

Asiyetujua angesema ananitukana. Ndo utani wetu, toka enzi za misafara: tunasimangana, tunanyang'anyana vitu hadharani, na mmoja akifa mwenzake anakuja kufanya vituko msibani. Kukasirika hakuruhusiwi. Kabla hatujafika Soga alikuwa ameshanipora chapati zote, anazila huku ananitazama. Nikaapa kulipiza kwa Mzaramo wa kwanza nitakayemwona.

Tukasimama kwenye kituo kidogo baada ya Ruvu. Wachuuzi wakaja mbio chini ya madirisha na mahindi, maembe, samaki wa kukaanga. Mmoja, mwenye barghashia, akainua jogoo mwekundu hadi usawa wa uso wangu. Nikamkwapua.

"Huyu wangu, mtani! Nenda kashtaki!"

Nikasubiri acheke. Akanikaba ukosi wa shati, na hapohapo treni ikashtuka, ikaanza kuondoka.

Hakuniachia. Alitembea, akakimbia, kisha miguu ikamshinda, akabaki ananing'inia kwenye shati langu. Ndala zilishapotea. Vidole vya miguu vilikuwa vinalima kokoto, shibiri moja kutoka kwenye magurudumu, naye anapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Shati linanikaba koo, jogoo ananichana uso kwa kucha, na mie, msomi wa kidato cha nne, nimemkumbatia jogoo kwa mikono miwili. Vijana wawili wa benchi la mbele ndio waliomdaka mikono, wakamvuta ndani kama gunia. Mtu akavuta breki. Treni iliposimama, jamaa alikuwa mapajani mwangu, magoti yamechunika mpaka panaonekana peupe.

Akanipiga kichwa cha mdomo. Jino likaenda.

"Mwizi wa kuku!" behewa zima likainuka. Sikuona ngumi zilikotoka. Buti likanipata mbavuni, mkanda ukanipata shingoni upande wa chuma chake, chupa ikapasukia ukutani karibu na sikio. Nikaanguka chini ya benchi, wakanivuta miguu kunitoa. Mmoja akauliza kama nje kuna tairi. Hakuwa anatania.

"Utani!" nikapiga kelele, damu zinanijaa mdomoni. "Ni utani, jamani!"

"Utani na nani?" jamaa akalia. "Mie Mmakonde, kwetu Newala! Tumetaniana lini mie na wewe?"

Ndipo jirani yangu akapenya kutoka mwisho wa behewa na kujitupa juu yangu, na mwili wake si haba.

"Hii maiti yangu!" akafoka. "Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Akifa, wa kuvuruga msiba wake ni mie. Nani mwingine hapa mtani wake? Ajitokeze!"

Kisha mmoja akacheka, na mwingine. Mikono ikashuka. Jirani mwenyewe akanizaba kofi la mwisho, akavua kanga ya juu, akaichana, akamfunga yule mtu magoti kabla hajashushwa. Jogoo alipatikana chini yangu, shingo imevunjika.

Morogoro niliyoiona mie ni chumba cha zahanati. Jioni, tukirudi, nimejibana dirishani na pamba mdomoni, nikamlalamikia jirani kwamba hata pole hajanipa, na jino limekwenda moja kwa moja. Hakunigeukia.

"Yule mtu nusura arudi kwa wanawe hana miguu, na wewe umekumbatia kuku. Pole yako sina."