Nilimfundisha Mama Kunyamaza

Jina langu hamlipati ng'o. Kosa langu ndilo hili hapa, lichukueni, mcheke mnapoweza, mnitukane mnapotaka. Mimi ni mjinga. Tena si mjinga wa kawaida, ni mjinga aliyekwenda kozi!

Naishi Louisville, kule Highview, na mke wangu na watoto wetu. Mimi Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, mke wangu Mkongo wa Kivu. Kaka yangu yuko Columbus, anabeba maboksi ghalani. Mama yetu yuko Buffalo, West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao inayolia kila upepo ukipiga. Hataki kuhama kwa sababu ya kwaya yake.

Kazi yangu, niliyoiingia kwa kozi fupi, ni kukaa na watoto wenye usonji, kuwasaidia waweze kuomba kitu badala ya kupiga kichwa ukutani, mambo kama hayo. Naipenda. Shida ilianza siku supavaiza wangu aliponieleza tunavyojua kama tunachofanya kinasaidia kweli. Mtoto hatumlinganishi na watoto wengine, alisema, tunamlinganisha na yeye mwenyewe. Unamwangalia kwanza bila kugusa kitu. Kisha unabadilisha jambo moja, unaangalia tena. Ukiwa nao watatu, unaanza na mmoja, wengine wanasubiri. Akibadilika yule uliyemgusa tu, halafu wa pili akabadilika zamu yake ilipofika, na wa tatu hivyohivyo, basi hiyo si bahati. Ni kazi yako.

Kazi yangu! Jamani, maneno yale yaliniingia kama bia ya kwanza kwa mlokole. Nikawaza: hata mimi ninao watatu.

Wa kwanza Mama. Kila akipiga simu ni malalamiko: baridi, jirani anapika vitu vinavyonuka, mchungaji anahubiri mpaka chakula cha ushirika kinachacha, mguu unawaka moto. Wa pili Kaka. Kila simu yake ni bosi anamwonea. Wa tatu mke wangu, ambaye malalamiko yake yote yalikuwa juu yangu. Alikuwa na haki, lakini hilo tuliache kwanza.

Nikaanza na Mama. Akilalamika, kimya. Sikati simu, sigombi, nanyamaza tu kama mtandao umekufa. Akisema jambo zuri, nashangilia, nacheka, namwita malkia wangu.

Mwanzoni malalamiko yalizidi. "Haloo? Haloo? Mwanangu, unanisikia? Nasema mguu!"

Mimi kimya. Kozi ilisema hivyo: ukiipuuza tabia, kwanza inapanda, ndipo ishuke. Nikasimama jikoni natabasamu peke yangu kama mganga wa mvua aliyeona wingu.

Na kweli ikashuka! Baada ya wiki chache Mama akawa mtu mwingine kabisa. "Mungu ni mwema, mwanangu. Tumeimba vizuri. Theluji nayo inapendeza." Theluji inapendeza! Mama yangu huyu huyu! Mimi nacheka, yeye anacheka. Wakati huo Kaka bado analalamika kama kawaida, na mke wangu bado ananisema. Yaani ilikwenda vilevile alivyosema supavaiza. Nikavimba kichwa.

Nikahamia kwa yule wa Columbus. Kaka akianza, "Sikia, kuna jambo hapa...", kimya. Akitaja mpira, nachangamka. Naye akajifunza upesi. Tukawa ndugu wa mpira tu.

Zamu ya mke wangu ikafika. Siku moja amerudi kutoka kiwandani, hata koti hajavua. "Weye, tena sahani zako ziko ku meza? Miye niko natoka ku kazi, miguu inaniuma, na weye umekaa tu."

Nikatazama ukuta. Akarudia. Nikatazama ukuta. Akaja akasimama mbele ya ukuta.

"Bon. Uko unanifanya sawa batoto ba ku kazi yako?"

Kimya. Nilikuwa mwanasayansi, bwana!

"Sawa. Basi chakula nayo itanyamaza."

Akawapakulia watoto, akajipakulia, akaosha sufuria. Binti yetu mkubwa akaniangalia, akamwambia mdogo wake kwa Kiingereza kwamba baba amepewa adhabu. Nikala mkate mkavu. Jaribio langu kwa mke likafia palepale. Nikajifariji: wawili kati ya watatu si haba.

Ndipo Kaka akapiga simu. Alikuwa amekwenda Buffalo kumwona Mama.

"Unajua habari za mguu wa Mama?"

"Mama mzima. Jana tu tumecheka sana."

"Umecheka na nani? Chumba kinanuka, wewe! Zile buti za theluji alizopewa kanisani zilimchubua, kidonda kimekuwa cheusi. Madaktari wanasema ana sukari, na hakuwa anajua. Tuko hospitali."

Nikakosa neno. Safari hii si kwa makusudi.

"Mimi nilisikia zamani kwamba sauti yake haiko sawa," akasema. "Gari langu lilikuwa limekufa, nilitaka unipitie twende wote. Kila nikianza kukuambia, unanyamaza. Nikaona labda hutaki shida za watu. Nikabaki naongea mpira na wewe kama mpumbavu."

Tukafunga safari. Mke wangu aliendesha yeye. Tulipokaribia Columbus nikamweleza yote, tangu supavaiza hadi ukuta. Nilidhani atanisimanga mpaka nishuke nitembee. Alisema tu, "Donc ule mama alikuwa anakuita, na weye uko unamupima."

Tulikuta vidole vya mguu vimeshakatwa. Mama amelala, amekonda, dripu mkononi. Nikamshika, nikaanza kulia. Naye akanipa tabasamu, lile lile nililomfundisha.

"Niko salama, mwanangu. Mungu ni mwema. Hata chakula chao kizuri."

Kisha akangoja. Alikuwa ananingoja nicheke!

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Nilikuambia. Ukawa unapotea. Nikisema mazuri, unarudi. Nikaona bora nikupate wewe, mguu utajijua."

Sasa sikieni aibu yangu yote. Katika kozi ile ile, mwanzoni kabisa, walitufundisha: kabla hujapunguza tabia ya mtu, hakikisha kwanza hana maumivu. Mtoto anayepiga kelele huenda sikio linamuuma. Na wakatufundisha kwamba mtu hafanyiwi majaribio bila ridhaa. Nilijua! Kwa watoto wa wenzangu nafuata kila kitu. Kwa mama yangu mzazi nikaruka.

Nilipomsimulia supavaiza, alifunga mlango wa ofisi, akaniuliza, "Nani alikuambia kwamba kulalamika kwake ndilo tatizo?"

Mama amerudi kwake, anatembea kwa fimbo, anaimba amekaa. Kaka anampigia kila siku, na kwa Kaka Mama analalamika vizuri tu: fimbo, nesi, mchungaji. Kwangu mimi Mungu ni mwema. Nimembembeleza, "Mama, lalamika. Nitukane basi!" Anacheka. "Nilalamikie nini, mwanangu?" Nilidhani nikiacha ujinga wangu atarudi kama zamani. Harudi. Habari za mama yangu nazipata kwa Kaka, kama jirani.

Mke wangu yeye ananisema kama kawaida. Juzi amenisema kuhusu takataka mpaka akaishiwa pumzi, nikatamani nimbusu.

Basi ninyi mliosoma kitu kidogo juzi mkakipeleka nyumbani, kiacheni mlangoni pamoja na viatu! Nyumbani mmeoa, mmezaliwa, hamkuajiriwa. Na wewe ambaye simu ya mama yako inalia sasa hivi, unaitazama tu ukisema ataanza tena: pokea. Akisema jino linamuuma, muulize la juu au la chini.