Nyavu Nilizoazima

"Hutaweza kukifunga kisiwa kisivuliwe hata wiki moja," wavuvi waliniambia mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa. "Samaki hawasomi diproma!" Mwingine akauliza mtoto wa muuza maharage wa Bugarama amejulia wapi maji. Wakacheka.

Nikikumbuka, hasira inanipanda upya. Stashahada yangu ya uvuvi nilijilipia mwenyewe, kwa kubeba magunia Benaco na kufyatua matofali Rulenge. Hakuna mjomba aliyenitafutia nafasi. Nilirudi huku kwa kupenda.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, unakizunguka kwa mtumbwi kabla chai haijapoa. Lakini sato wa ziwa letu hutaga kwenye matete yake, na jike hulea vifaranga kinywani. Hapo ndipo watu wazima, wenye akili zao, walipoburuta nyavu za matundu madogo, wakajaza ndoo samaki wasiozidi kidole, kisha wakalalamika kwamba ziwa limelogwa. Limelogwa! Na nani, kama si wao?

Nikaitisha mkutano. "Niazimeni nyavu hizo miezi sita tu, muone," nikasema. Watu kumi wakanipa. Nilizipeleka ofisi ya uvuvi, zikachomwa siku hiyohiyo kama sheria inavyotaka. Ofisa akapigwa picha mbele ya moshi kana kwamba yeye ndiye aliyezikusanya. Kulinda kisiwa, mvua na jua, hakuja hata siku moja. Nililinda mimi.

Miezi sita ikaisha. Sato wakaanza kuonekana tena, wenye upana wa kiganja. Asubuhi moja wale kumi wakafika kwangu. Nilidhani wamekuja kushukuru.

"Tuletee nyavu zetu," alisema bibi mmoja, mjane aliyehamia huku kutoka Shinyanga.

"Shikamoo, bibi. Zilikuwa haramu. Zilichomwa."

"Marahaba. Wewe ulisema kukopa?"

"Nilisema kuazima."

"Haya. Chumvi hukopwa, ukarudisha nyingine. Jembe huazimwa, likarudi lilelile. Wangu aliufuma marehemu mume wangu. Ulete, ng'wanawane, ulete mwanangu."

"Usipoleta," akadakia mwingine, "kesho tunaingia kisiwani!"

Mimi, mwenye stashahada, nafundishwa Kiswahili na mtu asiyekanyaga darasani, tena lugha isiyo ya mama yake wala ya mama yangu! Nilichukia. Nilichukia zaidi kwa sababu alisema kweli. Nilipolitamka neno lile nilijua moto unazisubiri.

Niliuza pikipiki yangu. Ofisi haikuchangia hata kipande cha kamba. Nikanunua nyavu tisa za matundu halali, nikamkabidhi kila mtu wake mlangoni pake, na kisiwa kikabaki kimefungwa.

Wa bibi haukununulika. Nilimwomba sindano ya kufumia ya marehemu, nikakaa uani kwake wiki nyingi nikifuma, wapita njia wakinichungulia. "Bwana diproma siku hizi anasuka!" Nilifuma tu. Nani mwingine mwaloni angeweza?

Siku ya kumrudishia, alipitisha vidole vinne kwenye tundu moja.

"Makubwa. Samaki watapita."

"Wadogo wapite, bibi."

Akaukunja wavu taratibu, akauweka begani. Nikamrudishia na sindano. Aliigeuzageuza, akaniuliza kama ndiyo ileile.

"Ndiyo ileile," nikamjibu.

"Basi hicho ndicho ulichoazima," akasema, akaingia ndani.